Mbele ya kununua motere ingine, angalia kwanza moshi

Katika mikutano yetu ya sendika, tukimaliza kuzungumuza juu ya mushahara, prime na dawa za watoto, maneno yanaishiaka ku motokari. Huyu alipata dekonti yake, akanunua Land Cruiser ya okazyoni ili ibebe watu na mizigo. Wale ni wandugu watano, walicheza likelemba mwaka muzima, wakanunua yao yenye ilipita Dar es Salaam na Kasumbalesa. Motokari inafika, inaoshwa, wamama wanapiga vigelegele. Nyuma ya miezi tatu wimbo unabadilika: "Haivuti tena." Fasi ya tambarare inatembea, lakini ikiona mulima inarudi ku vitesi ya pili, sawa muzee mwenye kubeba mufuko wa makala.

Watu wanachekaka, lakini ku barabara ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kilometre karibu 300, motokari bila nguvu haiko kitu cha kuchekesha. Shofere anatoka nyuma ya lori yenye kubeba shaba ao asidi, anakanyaga mpaka chini, motere inalia, motokari haiendi. Mbele yake lori ingine inakuja. Kila mutu mwenye anasoma hapa anajua jina la mutu mwenye alibaki ku barabara ile.

Na kuko neno la feza. Mu garaje nyingi, ukifika na motokari yenye haivuti, jibu linakuja mbio: "Motere ilishakufa, mutafute ingine." Ni maneno matatu ao mane tu, lakini yanakula dola elfu tatu, elfu ine, ni kusema masomo ya watoto ya miaka. Sisi hatusemi mekanisiye wote ni wezi. Wengi wanatumika chini ya muti, bila vyombo vya kupimia, na mutu mwenye hana chombo cha kupima anasema neno kubwa ili amalize. Lakini kati yetu, wafanyakazi wa mugodi, kuko watu walitumika miaka makumi mbili mu ateliye ya kompresere, ya lokomotivi na ya malori makubwa. Hao njo walitufundisha haya tunaandika.

Tutazungumuza sana sana juu ya Land Cruiser yenye motere 1HZ, juu njo inajaa huku kwetu. Motere ile ilianza kutoka 1990: silindere 6, litre 4,2, bila turbo, na pompi ya mazutu ya mekaniki yenye haina ordinatere. Hii ni baraka. Karibu ugonjwa wake wote unaonekana kwa macho, kwa mukono na kwa sikio.

Jambo moja lijulikane mbele. Motere ile inatoa nguvu ya farasi karibu 130, na walizipima fasi ya chini, sawa pembeni ya bahari. Sisi hatuko pembeni ya bahari. Lubumbashi iko ku metre 1.200 hivi, Kolwezi karibu metre 1.400. Huku juu hewa ni nyepesi, na motere bila turbo inapoteza nguvu zaidi ya sehemu 10 ku 100, hata kama iko mupya. Kwa hiyo mutu asilinganishe 1HZ yake na Hilux ya turbo ya mushefu wa mugodi, kisha aende kulia ku garaje. Swali la kuuliza ni hili: je, inavuta chini kuliko ilikuwa inavuta mwaka jana, ku mulima ule ule, na muzigo ule ule? Kama ndiyo, kuko ugonjwa.

Shahidi wa kwanza ni moshi. Mu motere ya mazutu, hewa inaingia yote kila wakati. Pedali inaongeza ao inapunguza mazutu tu. Wale wenye walishuka chini wanaelewa mbio: kule, ventilateri ikisimama, kazi inasimama, hata kama watu wana nguvu. Mu silindere ni vile vile. Mazutu bila hewa ya kutosha haiungui muzuri, inatoka nyeusi.

Basi mutu mumoja aendeshe ku mulima, mwengine akae nyuma aangalie. Moshi mweusi, muzito: mazutu ni mingi kuliko hewa. Filtri ya hewa imejaa, ao enjekteri zinatonya pa fasi ya kupuliza, ao mutu aligusa pompi. Moshi mweupe wenye kuchoma macho na kunuka mazutu: mazutu inapita bila kuungua, labda pompi inatuma mbele ya saa ao nyuma ya saa, labda silindere imechoka. Moshi mweupe wenye haunuki, na maji ya radiatere inapunguka kila siku: fikiria joa ya kilase, na usiende mbali. Moshi wa bluu: motere inakula mafuta yake. Na kama hakuna moshi hata kidogo, na motokari haivuti? Watu wanasahau hii, lakini njo yenye inatokea mingi: mazutu haifiki, ao pedali haifungui yote, ao motere iko muzima na kuko kitu kingine kinaikamata nyuma.

Moshi ukiwa mweusi, anza ku hewa. Mu kipwa, vumbi nyekundu ya barabara za mugodi inajaza filtri kwa wiki mbili, wakati kitabu kinahesabu miezi. Toa filtri, ingiza lampe ya toshi ndani yake mu giza. Kama mwangaza hauoneke kupita karatasi, imekufa. Kama mwangaza unatoka sawa nyota fasi moja, imetoboka, na hiyo ni mbaya zaidi. Kuipuliza inawezekana, lakini hewa ya kompresere ikuwe kidogo na itoke ndani kwenda inje. Ukipuliza kutoka inje unasukuma vumbi ndani ya karatasi. Usiioshe na esanse. Na usikubali ile akili ya mashofere wengine: "Tutembee bila filtri, itavuta." Ndiyo, itavuta. Itavuta miezi michache, kisha vumbi itakula segema na silindere, na pale njo motere itakufa kweli. Kuko alama moja: pitisha kitambaa cheupe mu tiyo yenye kutoka ku filtri kwenda ku motere. Kikitoka na vumbi, motere inakula udongo, tafuta fasi tiyo imepasuka ao kolie imelegea.

Kama moshi ni kidogo ao hakuna, fuata mazutu. Huku njo tunaomba musome polepole, juu huku njo tuliponesha feza ya watu.

Mutueli ya seksyoni yetu iko na Land Cruiser moja, ya kubeba wagonjwa usiku kutoka ku kampi mpaka ku hopitali, na siku zingine kubeba maiti na wafiwa. Ilianza kuchoka. Ikiwa peke yake, inaenda. Ikiwa na mugonjwa na watu wake, ku mulima inashuka mpaka kilometre 30, kisha inasikilika sawa inataka kuzimika. Ukisimama dakika kumi, inarudia nguvu, kisha inachoka tena. Garaje moja ilitupa devi ya dola 3.800: motere ya okazyoni, usafirishaji na kazi. Kila memba angetoa dola 5, na bado haingetosha. Mu mukutano, wengine walikuwa wanashika mifuko yao tayari.

Mukubwa mumoja, mwenye alitumika ateliye ya chini ya udongo mpaka pansyoni, akauliza swali moja tu: "Moshi iko rangi gani?" Hakuna mwenye alijua. Tukaenda ku mulima. Hakuna moshi. Akasema: "Motere yenye inakufa inapikaka moshi. Hii haikufe, inalala njaa."

Kazi alifanya inaweza kufanywa na kila mutu. Alikamata bidon safi ya litre 20, akaijaza mazutu safi yenye ilichujwa na kitambaa. Akatoa tiyo yenye kutoka ku rezervware mbele ya filtri, akaingiza pale tiyo ingine yenye kuonekana ndani, ikaenda mu bidon. Na tiyo yenye kurudisha mazutu ku rezervware, nayo akaileta mu bidon. Ukisahau hiyo, mazutu ya bidon inahamia mu rezervware na unabaki njiani. Akafunga bidon nguvu, mbali na tiyo ya moshi, hakuna mwenye kuvuta tumbaku karibu. Akapiga ile pompi ndogo ya mukono yenye iko juu ya filtri mpaka ikawa ngumu, hewa ikaisha. Tukarudia ku mulima ule ule, watu nane ndani. Ilipanda ku vitesi ya tatu.

Kumbe motere ilikuwa muzima. Ugonjwa ulikuwa nyuma, kati ya rezervware na filtri. Tulishusha rezervware: chini kulikuwa kutu, maji na matope meusi yenye kuteleza, na kale kakichujio kenye kukamata uchafu pa mudomo wa tiyo kalikuwa karibu kufungwa kabisa. Njo maana ilirudia nguvu ikisimama: uchafu ulianguka chini, tiyo ikapumua, kisha ukavutwa tena. Filtri mupya dola 18, tiyo na kolie dola 6, mazutu ya kuoshea dola 9, kazi dola 25. Ni dola 58.

Maji ile ilitoka wapi? Mingi inatoka mu bidon za kadafi wa njiani. Hatutaki kuwasema vibaya, nao wanalisha watoto, na kuko siku stasyoni haina mazutu. Lakini kuko mazutu yenye wanachanganya na petroli ya taa ao yenye ilikaa mu pipa yenye kutu. Jaza chupa ya kioo, iache usiku muzima: asubui maji inakaa chini, mazutu juu, na uchafu kati. Ukiona musitari ule, usijaze. Chini ya filtri kuko kavisi ka kutoa maji. Tunakafungua kila wiki, maji inatoka mbele, kisha mazutu, tunafunga. Na kale katala ka filtri ku tablo kakiwaka, hakakuwaka kwa kupamba. Filtri ya mazutu tunabadilisha kila kilometre 10.000, na kama tulijaza njiani mara nyingi, mbele ya hapo.

Vitu vingine vidogo vya njia ile ya mazutu: kifuniko cha rezervware. Kama katundu kake ka kupumua kamezibwa na vumbi, rezervware inanyonya tupu na mazutu inakataa kutoka. Ukifungua kifuniko na kusikia "fuuuu" ndefu, na motokari inarudia nguvu, umepata ugonjwa bila kulipa hata franga. Na tiyo za mupira zenye zimezeeka zinanyonya hewa bila kutonya mazutu, kwa hiyo chini inabaki kavu na mutu anadanganyika. Ile tiyo yenye kuonekana ndani inaisema wazi: ukiona mapovu yanapita kuelekea ku pompi, kaza kolie ao badilisha tiyo.

Mbele ya hayo yote, lakini, kuko kitu cha dakika moja chenye hakiombe hata ufunguo. Motere ikiwa imezimwa, mutu mumoja akanyage pedali mpaka chini, mwengine afungue kapo aangalie kamukono ka akseleratere ku pompi. Je, kanagonga visi yake ya mwisho? Kama kanabakisha kidogo, kable imelegea. Inakazwa, basi. Tuliona motokari moja yenye ilizunguka garaje tatu, kumbe shofere alitandika tapi nene ya nyumba chini ya miguu yake, pedali haikuwa inafika chini. Tapi ilikuwa nzuri, ya maua.

Sasa, inawezekana motere inatoa nguvu yote na inapotea mbele ya kufika ku barabara. Nyuma ya safari fupi, sogeza mukono karibu na kila gurudumu, usishike chuma. Moja ikiwa na moto kuliko zingine, freni yake haiachi. Inua gurudumu na kriki, tia mawe chini ya zingine, zungusha kwa mukono: lazima izunguke bila kulazimishwa. Ambreyaje yenye kuteleza inajulikana na sikio: motere inapanda sauti, motokari haipandi mbio. Watu wa ateliye wanaipima hivi: freni ya mukono imekazwa, fasi mbele iko wazi bila mutu, vitesi ya tatu, motere inatembea, unaachia ambreyaje polepole. Motere ikizimika, ambreyaje ni nzima. Ikiendelea kulia, imekwisha. Mara moja inatosha, ukirudia rudia unaiunguza.

Mapine makubwa yenye watu wanapenda juu ya uzuri, nayo yanakula nguvu: gurudumu kubwa ni sawa kupanda mulima na vitesi ya juu zaidi. Na muzigo, bandugu. Watu 13 wa kilo 70 ni kilo 910, mbele ya kuhesabu mifuko sita ya makala juu ya paa na mbuzi ya bibi mumoja. Pale motokari haiko mugonjwa, inasema ukweli.

Wenye motokari za turbo watuvumilie, hatutakaa sana hapa. Ikikosa nguvu na kutoa moshi mweusi, mara nyingi tiyo kubwa kati ya turbo na motere imepasuka ao kolie yake imetoka. Utasikia hewa inapiga filimbi wakati wa kukanyaga. Kama turbo inatupa mafuta mu tiyo na kishoka chake kinatikisika sana ukikigusa, hiyo ni kazi ya mutu mwenye anajua. Na zile mupya zenye ordinatere zinajikinga zenyewe: zinapoona kitu kibaya zinapunguza nguvu, zinawasha taa ku tablo. Pale usifungue kitu mbele ya kuisoma na mashini ya kupima. Enjekteri zao zinachukia maji kuliko zote, na moja peke yake inaweza kula mushahara wa miezi.

Tulisema mutu anaweza kugusa pompi. Ku 1HZ kuko visi yenye kuongeza mazutu, na mekanisiye wengine wanajua kuizungusha kuliko kutafuta ugonjwa. Unalipa dola 20, unatoka, motokari inavuta, unamushukuru. Lakini nyuma yako moshi ni mweusi, motere inapata moto kupita kipimo chake, na pistoni inaweza kuyeyuka ku mulima siku ya jua. Kama filtri imejaa, kuongeza mazutu ni sawa kumupa chakula mutu mwenye amekabwa koo. Vile vile usimwangie esanse mu mazutu ili "iwe nyepesi". Mazutu inapakaaka mafuta ndani ya pompi, esanse inaikausha.

Na kama umepita hewa, mazutu, kable, freni, ambreyaje na muzigo, na bado haivuti, pale njo unaweza kukubali kuzungumuza juu ya motere yenyewe. Hata pale kuko ngazi. Enjekteri zinatolewa zinapimwa ku banki: lazima zipulize ukungu, hapana matone. Uliza juu ya kurwa ya distribisyoni. Ku 1HZ inabadilishwa kila kilometre 100.000, na kama mutu aliirudisha na jino moja pembeni, nguvu inapotea na motere inazungumuza vibaya. Ikikatika, inavunja vitu vya juu ya motere, kwa hiyo ukinunua motokari bila kujua historia yake, ibadilishe tu. Kisha mwisho, konpresyoni. Usikubali neno "konpresyoni iko chini". Omba wapime silindere zote 6, motere ikiwa na moto, na waandike namba 6 ku karatasi, na jina la mwenye alipima. Kama tano ziko karibu sawa na moja imeanguka, labda ni supape ao joa, haiko motere nzima. Kama zote sita zimeanguka pamoja, haya, anza kutafuta feza. Na piesi za zamani zinarudi nyumbani pamoja na wewe, mu mufuko, hata kama ni chuma cha bure.

Kwa wale wenye bado wanashika dekonti mu mukono na hawajanunua: fika asubui, bila kumuambia mwenye kuuzisha saa yako. Wekea mukono ku kapo mbele ya demarere. Motere lazima ikuwe baridi, juu motere ya baridi haifiche shida ya kuwaka na moshi wake wa kwanza. Fungua kifuniko cha rezervware, usikilize. Kisha omba mulima, hapana kuzunguka karti, na watu wane ndani, na mwenzako abaki chini anaangalia moshi. Mwenye kuuzisha akisema mulima uko mbali, mazutu imekwisha, mutoto wake anagonjwa, muambie hakuna shida, mutarudi kesho. Na kama unakuta kapo ina moto tayari saa kumi na mbili ya asubui, rudi kesho vilevile.